Poti Moja, Kasi Tatu: Ndani ya Chipu Kuna Saketi Ngapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa mitandao na kamera za ulinzi hapa Kariakoo, Dar es Salaam, na jioni ninasomea elektroniki. Poti za swichi ninazowafungia wateja zinakubali megabiti 10, 100 na 1,000 kwa sekunde kupitia kebo ileile. Je, ndani kuna saketi tatu zinazopokezana, au ni moja inayojigeuza? Tena, juzi niliweka kwa mkono megabiti 100 za pande mbili (kutuma na kupokea kwa pamoja) kwenye mashine ya kurekodi, nikaiacha swichi ijichagulie yenyewe. Taa iliwaka vizuri, lakini picha zikawa zinakatikakatika. Kosa liko wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, saketi za kidijiti zinazosimba na kusimbua data hutofautiana kwa kila kiwango cha Ethernet (kanuni za mawasiliano ya kebo za mtandao), lakini inayogusa waya inafaa iwe moja, na ugumu wote wa usanifu umo humo. Anayeanza kazi hii hufikiria kuweka virushi vitatu (saketi zinazotuma ishara kwenye waya) sambamba na kuwasha kimoja kwa wakati wake. Wazo hilo linaonekana zuri mpaka pale mtu anapokumbuka kwamba kirushi kilichozimwa bado kimeshikana na waya na kinaongeza kapasitansi yake, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji. Kwa megabiti 10 hilo halimsumbui mtu, ila kwa kasi kubwa kapasitansi hiyo hulegeza kingo za ishara na kurudisha mwangwi, kwa sababu waya hauoni tena ukinzani wa omu 100 uliotengenezewa.

Tazama jinsi viwango vyenyewe vinavyopishana. Kile cha megabiti 10 hutuma ishara inayofikia takriban volti 2.5 juu na chini ya sifuri. Kile cha megabiti 100, kilichopitishwa mwaka 1995, hutumia ngazi tatu tu, yaani volti 1, sifuri na volti 1 hasi, na hupeleka alama (kila moja ni ngazi moja ya volti) milioni 125 kwa sekunde. Kile cha megabiti 1,000 kupitia waya wa shaba, cha mwaka 1999, hutumia ngazi tano kwenye jozi zote nne za kebo. Kila alama hubeba biti mbili, na kila jozi hupeleka alama milioni 125 vilevile. Ulinganifu huo wa alama milioni 125 ni zawadi kubwa kwa msanifu, maana saa moja ya chipu (mapigo yanayopanga mwendo wa saketi) hutosha kuendesha kasi zote mbili.

Suluhisho linalotumika sana ni kirushi cha mkondo kilichoundwa kwa vyanzo vingi vidogo vinavyolingana, kila kimoja kikiwa na swichi yake ndogo ya kufungua na kufunga mkondo, inayoamriwa kidijiti. Omu 100 za kebo zikiwa sambamba na omu 100 za kikinza cha chipu, mzigo unaoonekana ni omu 50. Kwa hiyo miliampia 50 zinatoa volti 2.5, na miliampia 20 zinatoa volti 1. Kubadili kiwango kunabaki kuwa suala la vyanzo vingapi vimefunguliwa. Vikifunguliwa hatua kwa hatua badala ya vyote kwa mkupuo, ndivyo vinavyochonga mteremko wa kingo, na msanifu hahitaji kichujio cha pekee kwa kila kasi. Miliampia 50 hizo, kwa maoni yangu, ndizo deni la uzee wa kiwango cha kwanza: chipu ya kisasa hulazimika kubeba misuli ambayo ni nadra kuitumia, na ndani ya kabati lililo chini ya paa la bati mwezi Februari kila wati ina uzito wake.

Upande wa kupokea una mashaka zaidi. Kebo ya mita 5 na ya mita 100 hazipunguzi ishara sawasawa, nazo hupunguza zaidi masafa ya juu, hivyo kisawazishi (saketi inayofidia upungufu huo) lazima kijipime chenyewe baada ya kuunganishwa. Kwenye megabiti 1,000 pande zote mbili huzungumza kwa wakati mmoja juu ya jozi ileile, na mpokeaji hana budi kuondoa sauti yake mwenyewe, mwangwi wake, na minong'ono ya jozi tatu za jirani, kabla ya kumsikia mwenzake. Jozi moja ikikatika, kasi hiyo haiwezekani, ilhali megabiti 100 hutosheka na jozi mbili.

Sasa kuhusu mashine yako ya kurekodi. Kabla ya data, pande mbili hutumiana vifungu vya mapigo mafupi, kila kifungu kikiwa na mapigo 17 hadi 33, takriban kila milisekunde 16, kutangaza kila mmoja anaweza nini. Kisha huchagua kasi ya juu wanayoishiriki. Ulipoweka kwa mkono, mashine yako iliacha kutangaza. Swichi iliitambua kasi kwa umbo la ishara, lakini umbo hilo halielezi kama mwenzake anatuma na kupokea kwa pamoja au kwa kupokezana, na kiwango kinaiagiza ichukulie kupokezana. Basi swichi ilihesabu migongano kila mashine ilipotuma wakati swichi nayo inatuma, ikatupa pakiti, na taa ikaendelea kuwaka, kwa kuwa taa huthibitisha kasi na muunganiko tu.

Rudisha pande zote kwenye kujichagulia, au weka zote mbili kwa mkono sawasawa. Kwa megabiti 1,000 usijaribu njia ya pili, kwa sababu mapatano hayo ndiyo pia yanayoamua ni upande upi utaongoza saa ya mwenzake.