Msimu bora wa chuo? Barry Sanders, 1988

Ndugu, umeuliza nani aliwahi kuwa na msimu mkali kuliko wote katika futiboli ya Marekani ngazi ya chuo. Kwangu ni Barry Sanders, mkimbiaji wa chuo kikuu cha Oklahoma State, mwaka 1988, na sioni wa kumkaribia.

Kwanza ujue miaka miwili kabla ya hapo alikuwa akisubiri nyuma ya Thurman Thomas, naye mkimbiaji hodari. Thomas alipohitimu, Sanders akaanza msimu kwa kudaka mpira wa kwanza kabisa na kukimbia nao yadi 100 hadi mwisho wa uwanja. Hapo ndipo wapinzani walipojua kazi ipo!

Katika mechi 11 alikimbia yadi 2,628 na kufunga tachidauni 37 (yaani kuufikisha mpira hadi eneo la mwisho la wapinzani) kwa kukimbia. Mechi ya mwisho ya msimu aliicheza Tokyo dhidi ya Texas Tech. Akiwa hukohuko akatangazwa mshindi wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa chuo, kisha akaingia uwanjani na kukimbia yadi 332. Baadaye kwenye Holiday Bowl, mechi maalumu ya baada ya msimu, aliongeza yadi 222, lakini wakati huo NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, haikuhesabu mechi za aina hiyo, kwa hiyo hazimo katika rekodi yake. Hilo huwa linanikera.

Na alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 8 tu. Mabeki walikuwa wanamkumbatia kabisa, anajipinda, anachomoka. Akifunga hachezi densi wala hatambi, anamkabidhi refa mpira.

Mwaka 1989 akaenda Detroit Lions, timu ya kulipwa.