Betri ya drili "imekufa"? Pima kwanza

Wadogo zangu mnaoanza ufundi hapa Tabora, maseremala wanaotoboa mninga kwa drili za betri watawaletea betri na kusema imekufa. Msikubali mpaka mita ya kupimia volti iseme.

Anza na chaja. Umeme ukiyumba, chaja inaweza kuungua na lawama zote zikaiangukia betri. Pachika betri nyingine unayojua ni nzima uone. Halafu safisha midomo ya betri, maana vumbi la mbao hujaa pale. Kama betri imetoka juani au kazini ikiwa ya moto, iache kivulini ipoe: ndani ina kihisi joto, na chaja hugoma kwa sababu hiyo tu.

Ikigoma bado, ifungue. Vua kwanza pete na saa ya chuma, ukigusisha vibati viwili (vile vinavyounganisha seli) utaungua. Betri ya lithiamu ya volti 18 ina seli 5 zilizofuatana, kila moja volti 3.6, na ikijaa 4.2. Ndiyo maana ikitoka kwenye chaja inasoma karibu 21, na ndiyo maana ile iliyoandikwa 20 mara nyingi ni hiyohiyo ya 18. Mwambieni mteja asilipie namba. Zile kubwa za Ah (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa) 4 au 5 kwa kawaida zina seli 10 zilizofungwa mbilimbili, kwa hiyo bado unahesabu makundi matano.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukipima ncha kwa ncha ukapata 18.7, utasema nzima. Pima kundi kwa kundi: 3.9, 3.9, 3.9, 3.1, 3.9. Umemwona mgonjwa. Mashine ikipewa mzigo, lile la 3.1 linaporomoka kabla ya wenzake na saketi ya ulinzi inakata umeme wote, ingawa manne yana chaji ya kutosha. Kama makundi yote yanalingana, washa taa mbili za gari za volti 12 zilizofuatana kama mzigo, upime tena zikiwa zinawaka. Seli iliyochoka haitajificha.

Seli iliyoshuka chini ya volti 2 na kukaa hivyo muda mrefu, msiibusti kwa betri nyingine. Najua mafundi wanafanya, na inakera, kwa sababu shaba ndani yake huwa imeanza kuyeyuka, na ukiichaji inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani na kuwaka moto usiku nyumbani kwa mteja.

Kubadilisha, weka seli mpya zote, za aina moja, zinazohimili mkondo mkubwa. Za kompyuta mpakato nyingi haziwezi drili. Vibati vichomelewe kwa mashine yake. Joto la kulehemu kwa risasi huharibu seli. Mbovu zibandike tepu kwenye ncha, na zisiende kwenye jalala linalochomwa moto.