Kusajili kikundi cha sanaa Lamu

Ndugu, umeuliza kama ninyi wana-Lamu mnaoishi Nairobi msajili kampuni au kikundi cha kijamii ili mfungue ukumbi wa sanaa usio wa faida katika Mji wa Kale. Anzeni na kikundi, chini ya sheria ya mwaka 2022 inayodai wanachama wasiopungua 10, na mkisajilie Lamu kwenyewe, ili mafundi wachongaji wa milango wawe wanachama wenye kura, si watu wa kuitwa siku ya picha tu. Kuhusu nyumba, msipige plasta ya saruji kabla ya kuwaona Makavazi ya Kitaifa, wanaosimamia majengo ya urithi nchini Kenya: mji huo ni Urithi wa Dunia tangu 2001, na saruji (hata sheria ya kulinda urithi isingekuwapo) hufungia unyevu ndani ya kuta za matumbawe, chokaa ikabanduka.