Sarafu ya kale, kongwe au kuukuu?

SWALI: Naishi Ujerumani, na nimekuwa nikikusanya sarafu za Wagiriki na Warumi. Huzipiga picha na kuziandikia maelezo ya Kiswahili ili ndugu zangu walioko Tanga wasome. Juzi niliandika "sarafu kuukuu ya Nero", shemeji akanirudi: eti ni "sarafu kongwe". Nani kapatia? Na niandike Kigiriki au Kiyunani?

JIBU: Hakuna aliyepatia, ingawa shemeji kakaribia. Andika "sarafu ya kale".

"Kuukuu" hutaja hali ya kitu, si umri wake. Shati la mwaka jana huwa kuukuu likivaliwa shambani kila siku. Lakini sarafu ya Nero iliyofukiwa ingali mpya yaweza kuibuka baada ya karne 19 na nywele za Kaisari huyo wa Roma bado zinahesabika. Ukiiita kuukuu, msomaji atajua imechoka, na kama unaiuza umejishushia bei mwenyewe.

"Kongwe" lina umri ndani yake, ila mara nyingi ni umri wa kilicho bado kazini: mwanasiasa mkongwe, klabu kongwe. Dinari, sarafu ya fedha ya Warumi, iliacha kununua mkate siku nyingi. Kwa kulinganisha, hata hivyo, sina ugomvi na shemeji: "hii ndiyo kongwe kuliko zote nilizo nazo" ni Kiswahili safi.

Kuna na "ya zamani". Shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966, yenye sura ya Nyerere upande mmoja na mwenge upande wa pili, ni ya zamani. Kuiita ya kale ni kuikuza. Jihadhari zaidi na "ya kizamani". Hiyo ki- huleta maana ya mtindo, kwa hiyo sarafu ya kizamani yaweza kuwa imetengenezwa juzi kiwandani kwa kuigiza. Kwa mkusanyaji, silabi hiyo moja ni hasara.

Uchakavu nao una maneno yake, na hapa picha zako zitakusaidia. Weka taa ubavuni, chini kidogo, vivuli vilale juu ya chuma. Mwanga wa mbele kwa mbele huifanya fedha ing'ae tu, usione kitu. Sasa tazama pua na shavu. Kama pamebaki laini kwa kupita mikononi, sema sura "imelika". Kama herufi za ukingoni hazimo kwa sababu kipande cha chuma kilikuwa kidogo au nyundo ya mfua sarafu iligonga pembeni, hazikulika: "zimekatika". Sarafu za Athens za thamani ya drakma nne (drakma ni fedha ya Wagiriki), zile zenye kichwa cha Athena na bundi, ndivyo zilivyo nyingi. Kishungi cha kofia ya mungu huyo wa kike hakikuenea tangu siku ya kwanza. Kuandika "kishungi kimelika" ni kuisingizia sarafu. "Kufifia" liachie rangi na wino.

Maandishi yenyewe yaite maandishi. Biblia ya Kiswahili, Mathayo 22, Yesu anapoonyeshwa dinari, husema "sanamu" na "anwani", lakini leo ukiandika anwani watu watatafuta S.L.P.

Kiyunani ni neno sahihi lililotujia kwa Kiarabu, na limekaa vizuri katika Biblia. Kwa kuwa nchi tunaiita Ugiriki, mimi ningeandika Kigiriki kote, mradi usichanganye lugha ya maandishi na mtoaji wa sarafu. Aleksandria ya Misri ilitoa sarafu za Nero zenye maandishi ya Kigiriki. Hizo ni "sarafu za Kirumi zenye maandishi ya Kigiriki". Ukisema "sarafu za Kigiriki" tu, umemnyang'anya Kaisari mali yake.

Upatanisho hautakusumbua: sarafu ya kale, sarafu za kale, sarafu kuukuu hubaki hivyo kwa umoja na wingi, wala usiandike "sarafu zikuukuu". Miaka iandikwe KK au BK, herufi zikifuata tarakimu.

Kwa dinari ya Kaisari Tiberio, kwa mfano, chini ya picha ingetosha hivi: "Dinari ya fedha ya Tiberio, 14–37 BK. Sura imelika kidogo shavuni. Upande wa nyuma, mwanamke ameketi. Herufi mbili za kushoto zimekatika."