Breki zinazowaka usiku kucha Le Mans, na gari ya abiria ya Chake–Wete

Swali: Assalaam alaykum fundi. Naendesha gari ya abiria, HiAce, kati ya Chake Chake na Wete, hapa Pemba. Kila mwezi wa 6 tunakesha barazani na vijana kuangalia mbio za magari za saa 24 za Le Mans, kule Ufaransa. Usiku ukiingia diski za breki zinaonekana zimewaka wekundu, na bado zinashika mpaka kesho yake. Yangu mimi, nikiteremka vilima viwili vitatu na abiria wamejaa, pedali inalainika na kuzama. Nikipumzika kidogo inarudi. Pedi ni mpya, na fundi aliyeikagua asubuhi alisema haoni kasoro. Kuna mtu kanishauri niagizie diski na pedi za magari ya mbio. Nifanye hivyo? (Msomaji, Wete)

Jibu: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usiagizie. Dalili ulizozieleza si za diski wala pedi, ni za mafuta ya breki yanayochemka. Gari yako inabeba roho za watu kila siku, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu. Ila nianze na Le Mans, maana jibu lako lipo mlemle.

Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo kuwa joto, kisha kulitoa joto hilo nje. Gari ya daraja la Hypercar, lile la juu kabisa kwenye mbio zile, pamoja na dereva na mafuta, ina uzito wa kama kilo 1,100. Inafika mwisho wa njia ndefu iliyonyooka ya Mulsanne ikiwa juu ya kilomita 300 kwa saa, na ndani ya sekunde chache lazima ishuke karibu na 100. Nimepiga hesabu ya kushuka kutoka 320 hadi 100: nguvu inayotakiwa kuondolewa hapo ingechemsha lita 13 za maji ya mtungini. HiAce yako na abiria wake, tuseme kilo 2,500, ikisimama kutoka kilomita 80, inachemsha lita 2 tu. Na mzunguko mmoja wa Le Mans ni kilomita 13.626, wenye kona nyingine kadhaa za kukanyaga kwa nguvu.

Wekundu unaouona ni wa kaboni. Diski za Hypercar si za chuma. Zimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizookwa kwenye tanuri kwa muda mrefu, na pedi zake ni kaboni vilevile. Zinaweza kuvuka nyuzi 800 za selsiasi na zikaendelea kushika. Lakini kaboni ina tabia ambayo mtazamaji haioni: ikiwa baridi haikamati. Inataka ifike kama nyuzi 300 hivi ndipo ifanye kazi yake sawasawa.

Mwaka 2024 mvua ilinyesha Le Mans usiku mpaka magari yakapangwa nyuma ya gari la usalama, lile linaloyaongoza kwa mwendo mdogo, kwa zaidi ya saa 4. Pale barazani ndio wakati wa kusinzia. Kwa dereva ni wakati mgumu kweli, kwa sababu breki na matairi yanapoa pamoja, na mbio zikifunguliwa atatakiwa akanyage kwa nguvu palepale. Ndiyo maana mafundi huziba sehemu ya matundu ya hewa yanayopoza breki pindi mvua au baridi ikija, ili joto lisikimbie. Ferrari namba 50 ilishinda mwaka ule kwa mizunguko 311. Mwaka 2025 Ferrari namba 83 ilishinda kwa mizunguko 387. Tofauti hiyo inazidi kilomita 1,000, na sehemu kubwa yake ni ule usiku wa mvua.

Sasa chukua diski hiyo uifunge kwenye HiAce. Unatoka Wete alfajiri, kuna manyunyu, na mbele yako mtoto wa skuli anavuka. Diski iko nyuzi 30. Utakanyaga, na gari itaendelea kwenda.

Wenzako hasa kwenye mbio zile ni magari ya LMGT3, yale yanayofanana na magari ya barabarani. Hayo yanatumia diski za chuma na yana ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa nguvu. Hayamalizi saa 24 bila kuguswa: timu nyingi hubadilisha pedi, na mara nyingi diski za mbele pia, karibu na nusu ya mbio. Pedi na diski mpya huwa zimeshazoeshwa mapema kwenye majaribio, ili dereva asipewe kitu kigeni saa nane za usiku. Mpira wa breki una kiungo kinachojifunga chenyewe, kwa hiyo kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, hutoka nzima na nyingine ikaingia bila mafuta kumwagika na bila haja ya kutoa upepo ulioingia ndani ya mafuta. Vipimo vya joto hupeleka habari kwa mafundi muda wote, na uamuzi hufanywa kabla dereva hajalalamika. Mimi hilo ndilo ninalolihusudu kwao kuliko kaboni yao.

Msimu mzima nao una hesabu zake. Wa 2024 wa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za magari ulikuwa na mbio 8: Qatar, Imola, Spa, Le Mans, São Paulo, Austin, Fuji na Bahrain. Spa ina kona nyingi za kasi, kwa hiyo breki inapata upepo wa kupoa. Bahrain njia zilizonyooka zinaishia kwenye kona za taratibu, ndani ya joto la Ghuba, kwa saa 8.

Turudi Pemba. Mafuta ya breki yana kasoro moja ya kimaumbile: yanavuta unyevu wa hewa, kidogo kidogo, kupitia mipira na kifuniko cha chupa. Sisi visiwani unyevu tunao mwaka mzima. Mafuta haya yana madaraja yanayoandikwa kwenye kopo kwa jina la DOT na namba; DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 155. DOT 3 ni 205 ikiwa mpya, na 140 ikishalowa. Ukiteremka kilima na gari imejaa, joto la diski linapita kwenye pedi, linaingia kwenye kalipa, na mafuta yanatoa mvuke. Mafuta hayabonyezeki, mvuke unabonyezeka. Mguu wako unaishia kuubonyeza mvuke, na pedi haisukumwi. Ukipumzika, mvuke unarudi kuwa mafuta na pedali inapanda. Fundi akija asubuhi gari imepoa, hana cha kuona.

Jihadhari hasa pale unaposimama kituoni baada ya mteremko mrefu. Gari ikisimama, diski inakosa upepo na joto lake linahamia kwenye kalipa. Unaweza ukaondoka na pedali mbovu kuliko ile uliyosimama nayo.

Jiulize mafuta yale yalibadilishwa lini. Wengi wetu tunaongeza tu chupa ikipungua. Mwambie fundi ayatoe yote, apitishe mapya gurudumu moja baada ya jingine mpaka yatoke safi, na atoe upepo wote. Tumia DOT 4 kutoka kwenye kopo lililofunguliwa mbele yako. Kopo lililokaa wazi kwenye kabati la gereji limeshalowa tayari. DOT 5.1 inafaa pia, lakini DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi, na mafuta ya gia au ya injini yanaharibu mipira yote ya breki. Kwa gari ya abiria huku kwetu, mimi nabadilisha kila mwaka, sisubiri miwili.

Wakati huohuo akague pini za kalipa. Chumvi ya bahari inazitia kutu, pedi zinabaki zimeshika, na gurudumu linapika mafuta hata njia ikiwa tambarare. Ukifika kituoni sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, tatizo lipo hapo.

Na mteremkoni shusha gia kabla hujaanza kuteremka, injini isaidie kuizuia gari. Hata Hypercar za Ferrari na Toyota haziachii diski kazi yote: dereva akikanyaga, mota ya umeme ya magurudumu ya mbele inageuka dinamo na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri.

Ukishabadilisha mafuta, fanya kipimo kimoja gari ikiwa baridi na imesimama, injini ikinguruma. Kanyaga breki kwa nguvu na ushikilie kama dakika moja. Pedali ikikaa pale pale, uko salama kwa upande huo. Ikizama polepole na hakuna mahali panapovuja, masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, imekufa, na usipakie abiria hata mmoja mpaka ibadilishwe.