Kabla hujauliza bei ya injini, lala chini ya gari

Mtambile, Pemba

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Sote huku hatujambo, alhamdulillahi. Bibi yako kifua kimempungua na anakusalimu sana.

Sauti uliyonitumia juzi usiku niliisikiliza mara tatu. Unasema Noah ilichemka ulipokuwa ukirudi na wageni kutoka Paje. Sindano ya joto uliiona imepanda pale Jozani, ukajipa moyo, ukaendelea nayo mpaka Tunguu, na hapo ikazima isiwake tena. Fundi wa kwanza anasema laki nane zinatosha, atafungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ikachongwe na kubadilisha gasketi inayoziba chini yake. Wa pili anasema injini imekufa, uagize nyengine Dar, milioni mbili na laki sita mpaka gari iwake. Na kuna mtu amekuja na milioni moja na nusu mkononi, anaitaka kama ilivyo. Unaniuliza: "Mama, niitengeneze au niiache iende?"

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nalitafuta daftari. Wewe gari ya marehemu baba yako unaikumbuka kwa rangi yake na yale mabenchi ya mbao. Mimi naikumbuka kwa hesabu, maana kila usiku alikuwa akinisomea na mimi naandika: mafuta, tanboi, pancha, spea. Aliinunua mwaka 2003, akaiweka njia ya 603, Mkoani na Chake. Meli ikitia nanga Mkoani yeye yuko bandarini anasubiri abiria, na asiposubiri abiria anapakia samaki. Yale maji ya samaki yalikuwa yakichuruzika kwenye mbao mpaka kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, kila siku, miaka saba. Hakuna aliyeyaandika kwenye daftari.

Mwaka 2007 injini ilikufa. Tukanunua nyengine, milioni moja na laki mbili. Mwishoni mwa 2009 ikafa na hiyo. Baba yako hakutaka kusikia habari ya kuiuza, alikuwa akiipenda gari ile, na mimi nilikuwa nampenda yeye, basi tukakodisha mikarafuu yetu misimu miwili kwa bei ya mtu mwenye shida na tukatia injini ya tatu. Mwaka 2010, mwaka ule Pemba ilipopata umeme wa kebo kutoka Tanga, gari ikiteremka kilima cha kuingia Mkoani, shikio la springi ya nyuma likachomoka na kipande cha chesisi. Abiria walisalimika, tunamshukuru Mungu mpaka leo. Injini ilikuwa na miezi saba tu. Pale pale ubavuni mwa njia, gari imelala upande, injini bado ilikuwa ikinguruma vizuri kama mpya. Baba yako alikwenda kuizima kwa mkono wake. Tuliiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo.

Mara mbili tuliuliza bei ya injini, na hatukuuliza hata mara moja hali ya kile tunachoifunga ndani yake. Ndiyo maana nakuomba usianze na injini. Anza na bodi.

Noah yako haina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chesisi: bati lililokunjwa na kuunganishwa, na kutu ikishalila pale penye uzito, fundi hana pa kushikia chengine kipya. Mwambie aipandishe na aiweke juu ya stendi au magogo mazito. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Chukua nyundo ndogo na bisibisi pana. Gonga mihimili miwili mirefu inayopita chini ya sakafu, gonga pale zinaposhikia springi na shokamzoba, gonga pale jeki inapokaa, kisha sakafu pale watoto wa skuli wanapoweka miguu. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu na magamba yakakuangukia. Penye shaka, sukuma kwa ncha ya bisibisi, na ikizama umeshapata jibu. Usiridhike kwa kuona chini pamepakwa ile dawa nyeusi, maana wapo wanaoipaka juu ya kutu ile ile. Gari hizi nyengine zilitumika sehemu za Japan zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo huja na kutu yao kabla hazijauona upepo wetu wa bahari. Na yako kila wiki inashinda Paje na Nungwi, imeegeshwa mchangani.

Kama bodi ni nzima, ndipo tuzungumze injini.

Kwanza uliza kilichoichemsha, kwa sababu nimesikia bei tatu kwenye maelezo yako na sikusikia sababu hata moja. Ni feni? Pampu ya maji? Mpira uliopasuka? Mimi naishuku rejeta, ile inayopoza maji ya injini. Ulinambia mwenyewe kwamba unaijaza maji ya kisima. Kisiwa chenu cha Unguja sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa. Tazama ndani ya birika lako la chai, yale magamba meupe ndiyo yanayoziba njia nyembamba za rejeta. Uliza pia kama yupo fundi aliyeing'oa thamostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kupoza injini, maana wengi huitupa wakidhani wanaisaidia gari. Ukitia injini mpya nyuma ya rejeta iliyoziba, utaiua kama ulivyoiua hii.

Sikulaumu kwa kuendelea kutoka Jozani. Ulikuwa na wageni wa watu garini. Lakini ile safari ya mpaka Tunguu inanitia wasiwasi kuliko kuchemka kwenyewe. Injini ya 3S iliyomo kwenye Noah yako ina bloku ya chuma na hedi ya alumini. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na kwa kuwa imefungwa kwa bolti haina pa kwenda, hupinda. Ikipinda unene wa unywele tu, gasketi haizibi tena. Hilo hutengenezeka kwa kuchonga hedi, na laki nane za fundi wa kwanza si uongo. Ila yeye amehesabu hedi tu. Kama maji yaliingia kwenye oili na gari ikaendelea kutembea, beringi za chini, zile zinazobeba shafti inayozunguka, zimesagana bila ya mafuta, na hakuna gasketi itakayoziponya.

Kwa hiyo usimkubali huyu wala yule kwa maneno. Chomoa kijiti cha oili mbele ya macho yako. Oili ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwambie afungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, apitishe kidole chini. Vumbi linalong'ara kama la mfua fedha ni beringi, na hapo fundi wa pili ndiye mkweli. Pakiwa safi, ifunguliwe hedi, ipimwe kwa rula ya chuma, na kuta za silinda zitazamwe kama zina mikwaruzo. Kazi hiyo itakugharimu ujira wa siku moja. Fundi anayekataa kuifanya kabla ya kukutajia bei, ondoka kwake kwa heshima.

Sasa pesa. Unasema gari kama yako ikiwa inatembea hufika milioni saba. Leo ni moja na nusu. Ukiitia mbili na laki sita, umeweka nne na laki moja ndani ya kitu cha saba. Hapo pana nafasi, hata rejeta mpya ikiingia, hata fundi akiengeza laki tatu kama kawaida yao. Kwa bodi nzima, basi, jibu langu ni utengeneze, hata kama itabidi injini nyengine. Lakini bodi iliyooza haitofika saba kwa mnunuzi mwenye macho, na hata ikifika, wewe hutowapakia watoto kumi na moja wa skuli kila asubuhi juu ya sakafu unayoijua.

Umetaja mara mbili kwamba mwaka huu umeshanunua matairi manne, shokamzoba na rangi. Maji yaliyomwagika hayazoleki, mwanangu. Pesa hiyo isikusukume kuitengeneza. Ila yule wa milioni moja na nusu usifikiri hajayaona matairi yako. Ikifika kuuza, mwambie bei yake bila ya matairi na betri, kisha hivyo uviuze peke yake. Kuna watakaokwambia uivunje yote uuze kipande kipande, giaboksi huku, milango kule. Ni kweli utapata zaidi, lakini itakulalia miezi kwenye uwanja wa mwenye nyumba, na wewe unahitaji kurudi barabarani mwezi huu.

Bima yako usiitegemee. Hiyo ndogo ni ya kumlipa uliyemgonga, haihusiki na injini yako. Na ukibadilisha injini, nenda ukabadilishiwe na nambari yake kwenye kadi, usisubiri kukamatwa nayo njiani au kushindwa kuiuza baadaye. Injini yenyewe usiinunue kwa picha. Mtume mjomba wako aliyeko Dar aende akaisikie inawaka, aone na oili yake.

Wazazi wa wale watoto waambie ukweli leo, kwamba gari imeharibika. Kodi gari ya jirani wiki hii hata kama hupati faida. Wakishahamia kwa mwengine, kuwarudisha ni kazi kubwa kuliko injini.

Nina laki tisa za karafuu, nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya paa. Paa litasubiri. Ni zako, si mkopo, kwa sharti moja: bodi ikiwa mbovu, hazitoingia kwenye injini, zitakwenda kwenye gari utakayonunua baada ya hii. Nimeshaiona moja ikizimwa kwa macho yangu, sitaki kuiona ya pili na wewe umo ndani.

Kesho Jumamosi hakuna skuli. Nenda asubuhi, vaa nguo za kazi na ufunike macho, kutu ikiingia jichoni ni shida. Nipigie picha mihimili yote miwili, mashikio ya springi za nyuma, na sakafu kwa chini. Usizipige kwa mbali. Simu nitakuwa nayo mkononi.

Mama yako