Matiti akiwa na miaka 6

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ana miaka 6, matiti yameanza kuota na amewapita wenzake kwa urefu. Majirani wanasema ni kwa kula kuku wa broila. Nasikia kuna sindano ya kuzuia balehe. Haitamfanya tasa? – Mama wa Arua

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuku mwache kwanza. Dalili za balehe kwa msichana kabla ya miaka 8 (mvulana 9) hupimwa hospitalini, hazijadiliwi kisimani. Damu huchunguzwa homoni, na eksirei ya mkono wa kushoto huonyesha mifupa imekomaa kiasi gani. Huyo mrefu wa leo anaweza kuishia mfupi, maana mifupa ikifunga mapema urefu unakoma. Kwa wasichana wengi chanzo hakionekani, lakini kwa umri wake daktari anaweza kutaka picha ya ubongo, asije akawa na uvimbe.

Sindano zipo, kama leuprorelini, nyingine za kila mwezi, nyingine kila miezi 3. Zikisimamishwa, balehe huendelea, na kwa watoto wa aina hii uzazi kwa kawaida haudhuriki. Kitakachokuuma ni bei. Wengine, balehe yao ikienda polepole, hufuatiliwa tu bila dawa.

Yale mabishano ya Uingereza ya 2024 kuhusu dawa za kuzuia balehe yalihusu vijana wanaohisi jinsia yao hailingani na miili yao. Usiyachanganye na ya binti yako.

Omba rufaa ya Hospitali ya Mulago, Kampala, umwone daktari wa homoni za watoto. Na mwalimu wake umweleze mapema, watoto darasani wana midomo.